Kinga za viwiko kwa hoki ya barafuni: namna ya kuchagua zisizohama

Siku nilipoumia kiwiko kwa mara ya kwanza barafuni, nilikuwa nimevaa kinga. Hilo ndilo lililoniudhi kuliko maumivu yenyewe. Nilirudi nyuma kumkaba mtu, kisigino cha kiatu kikanasa kwenye mfereji uliochimbwa na viatu vya wenzangu, nikaenda chali. Makalio yaligonga kwanza, kisha kiwiko cha kulia. Nilipovua jezi nikaona kinga imekaa vizuri kabisa, mikanda imefungwa, haina hata mkwaruzo. Tatizo ni kwamba ilikuwa imekaa kwenye kigasha, vidole vinne chini ya mahali ilipotakiwa kuwa. Kiwiko chenyewe kilikuwa wazi. Kesho yake asubuhi kilikuwa na uvimbe kama yai, laini, unaocheza ukiugusa.

Kinga ile haikuwa mbovu. Ilikuwa kubwa kwangu. Niliipenda kwa sababu ilikuwa nene na yenye plastiki nyingi, nikajiambia kwamba unene ndio usalama. Tangu hapo nimebadilisha jozi kadhaa, nimesaidia wachezaji wengi wapya kuchagua za kwao, na msimamo wangu ni huu: kinga ya kawaida inayobaki mahali pake inamshinda mfalme wa kinga anayetembea. Mwongozo huu wote umejengwa juu ya jambo hilo. Unamlenga mtu anayecheza kwa kujifurahisha, mara moja au mbili kwa wiki, kwenye mechi ambazo kwa kawaida kugongana kwa makusudi hakuruhusiwi.

Kwanza elewa unalinda nini

Gusa ncha ya kiwiko chako sasa hivi. Utahisi mfupa, na juu yake ngozi tu. Hakuna nyama ya kuupa mto. Kati ya mfupa na ngozi kuna kifuko chembamba chenye ute, kazi yake kuifanya ngozi iteleze vizuri unapokunja mkono. Kifuko hicho ndicho kinachojaa maji au damu ukikigonga, na ndicho kilichonipa lile yai. Kikishavimba mara moja, huwa rahisi kuvimba tena, hata kwa pigo dogo.

Sasa sogeza kidole kidogo kuelekea upande wa ndani, ule unaokabili mbavu. Kati ya ncha na ile nundu ya mfupa kuna mfereji, na ndani yake unapita mshipa wa fahamu unaokwenda hadi kidole cha mwisho na cha pete. Ukiwahi kugonga kiwiko kwenye mlango ukahisi shoti ya umeme hadi vidoleni, huo ndio uliougonga. Barafu haina huruma na mshipa huo.

Kisha kuna kigasha. Huku adui si barafu bali ni gongo la mwenzako, ambaye alilenga paki akakosa. Na paki yenyewe si ya kudharau: ni kisahani cha mpira mgumu chenye kipenyo cha sentimita 7.62, unene wa sentimita 2.54 na uzito wa kati ya gramu 156 na 170. Ikikupata kwenye mfupa wa kigasha, utaikumbuka wiki nzima.

Kwa hiyo kinga ya kiwiko ina kazi tatu kwa mpigo: kubeba anguko kwenye ncha, kufunika pande mbili za kiungo, na kuzuia magongo kuanzia chini ya kiwiko hadi inapoanzia glavu. Ndiyo maana kinga za watelezaji wa magurudumu au za wachezaji wa voliboli hazitoshi hapa. Zile zinalinda ncha pekee na kuacha kigasha uchi. Nimewaona watu wakija nazo siku ya kwanza. Kwa kujifunza kuteleza tu hazina ubaya, lakini mtu wa pili akishika gongo, zivue.

Ifungue kinga uitazame

Kabla ya kuvaa chochote, igeuze ndani nje. Katikati utaona kikombe, yaani bamba lililojipinda ambalo ndani yake ncha ya kiwiko hukaa. Kinga nzuri haiachi ncha iguse plastiki moja kwa moja. Huwa na pete ya sponji kuizunguka, mfano wa kata ya kubebea mtungi kichwani, ili anguko libebwe na nyama iliyo pembeni badala ya ncha yenyewe. Tia kidole gumba ndani ya kikombe ubonyeze kwa nguvu. Ukihisi plastiki mara moja, fahamu kwamba kiwiko chako nacho kitaihisi. Sponji ikibonyea kidogo, ikakataa, kisha ikarudi taratibu, hiyo ni kazi nzuri.

Chini ya kikombe kuna bamba la kigasha, mara nyingi ni plastiki nyembamba iliyofunikwa kwa sponji. Juu kuna kipande cha kulinda mkono wa juu. Kwenye kinga nyingine vipande hivi vitatu vimeungana kuwa kimoja, na kwenye nyingine vimeshikanishwa kwa kitambaa au mpira ili kila kimoja kijongee peke yake. Za kipande kimoja ni rahisi kuvaa na hazina mengi ya kuharibika. Za vipande hufuata mkono vizuri zaidi unapopiga shuti. Kwa mchezaji wa kujifurahisha, tofauti hiyo haifai kukukosesha usingizi.

Mwisho ni bitana, kile kitambaa kinachogusa ngozi. Tafuta kinachonyonya jasho na chenye mkwaruzo kidogo. Bitana inayoteleza kama hariri inapendeza dukani, lakini jasho likishaanza kutiririka, kinga inageuka bembea.

Hatua ya kwanza: jiulize unaanguka vipi

Watu huanza na swali la kampuni gani. Bauer, CCM, Warrior na True wote wanatengeneza kinga nzuri na wote wanatengeneza kinga za bei ya chini. Jina halitakusaidia mpaka ujue unachotaka.

Kama unaanza, utaanguka sana, na utaanguka vibaya, mara nyingi kwa nyuma. Wanaoanza ndio hasa wanaohitaji kikombe kirefu na sponji ya kutosha, ingawa ndio wanaoshawishiwa mara nyingi kununua zile nyembamba kabisa kwa kuambiwa kwamba "si mchezo wa ushindani". Mechi za mwanzo huwa na magongo yasiyojulikana yanakokwenda kuliko mechi za mabingwa. Bingwa akipiga, unajua anapiga nini.

Kama umecheza miaka kadhaa, huanguki ovyo, na unapenda kuchezea paki kwa mikono, unaweza kushuka hadi kinga nyembamba na fupi kidogo inayokupa uhuru. Beki anayesimama mbele ya mashuti anahitaji kigasha kilichofunikwa vizuri. Na aliyewahi kuumia kiwiko, au ambaye kifuko chake kimeshawahi kuvimba, asijadiliane na mtu: achukue kikombe kikubwa chenye pete nene, hata kama wenzake watamtania.

Golikipa hahusiki na mwongozo huu. Kinga za mikono yake zimeungana na za kifua, na ni habari nyingine kabisa.

Hatua ya pili: pima mkono, usipime urefu peke yake

Majedwali ya watengenezaji hupenda kuuliza urefu wa mtu na wakati mwingine uzito. Ni mwanzo mzuri. Mtu mzima wa takriban sentimita 170 hadi 180 mara nyingi huangukia saizi M. Ila watu wawili wenye urefu mmoja wanaweza kuwa na mikono tofauti kabisa, na jedwali halijui kwamba wewe una vigasha vya fundi seremala au vya karani.

Chukua utepe wa fundi cherehani. Vaa glavu zako za hoki na kinga za mabega, kama tayari unazo. Kunja mkono kana kwamba umeshika gongo. Mtu mwingine apime kutoka pale kinga ya bega inapoishia kwenye mkono wa juu, apitie ncha ya kiwiko, hadi ukingo wa glavu. Huo ndio uwanja wa kujazwa. Kinga ikiuzidi, itasukumana na glavu au na kinga ya bega kila unapokunja mkono, na kila msukumano huihamisha kidogo. Ikipungua, kutabaki ngozi wazi, na magongo yana kipaji cha ajabu cha kuipata ngozi iliyo wazi.

Pima pia mzunguko wa mkono mahali pawili: chini kidogo ya kiwiko ambapo kigasha ni kinene kuliko kwingine, na juu ya kiwiko karibu na kiungo. Usikaze utepe. Namba hizo mbili ndizo zitakazokuambia kama mikanda itakufikia au itakupwaya.

Jambo moja watu hulisahau: angalia shingo ya glavu. Glavu zenye shingo fupi zinapendwa kwa sababu kifundo cha mkono kinazunguka vizuri, lakini zinadai kinga ndefu zaidi. Pengo la upana wa vidole viwili kati ya kinga na glavu linavumilika kwa anayethamini uhuru wa kifundo. Likifika vidole vinne, unasubiri zamu yako tu. Kwa hiyo kama bado hujanunua chochote, nunua kinga za mabega na glavu kwanza, za viwiko zije kuziba nafasi iliyobaki.

Kwenye lebo utakuta herufi kabla ya saizi: YTH ni za watoto wadogo, JR za watoto wakubwa, INT za vijana walio katikati, SR za watu wazima. Mtu mzima mwenye mikono myembamba asione aibu kujaribu INT, au JR kubwa. Mwanamke mmoja tuliyekuwa tukicheza naye alihangaika misimu miwili na SR ndogo inayozunguka mkononi kama bangili. Alipojaribu JR L, tatizo likaisha siku hiyohiyo.

Na kwa mtoto, tafadhali, usinunue kubwa ili "akue nayo". Kiatu cha shule kikiwa kikubwa, atajikwaa. Kinga ya kiwiko ikiwa kubwa, siku atakayoanguka haitakuwa pale.

Hatua ya tatu: mikanda

Mkono wa binadamu ni mnene karibu na kiwiko na unapungua kuelekea kifundo. Kwa hiyo kinga daima ina njia ya kuteremka, na kila unapopunga gongo unaisaidia. Kinachoizuia ni mikanda, hasa ule unaozunguka karibu na kiungo chenyewe. Kinga rahisi kabisa zina mikanda miwili, mmoja juu na mmoja chini. Zenye mitatu huongeza wa katikati, na huo wa katikati ndio ninaoulipia kwa moyo mweupe.

Vuta kila mkanda mpaka mwisho uone unavyorudi. Unaorudi kivivu ukiwa mpya hautarudi kabisa baada ya miezi sita ya jasho. Tazama upana wake pia: mkanda mpana hushika bila kukata nyama, mwembamba huhitaji kukazwa hadi mkono ufe ganzi. Kisha tazama velkro. Iwe na eneo kubwa la kunata, na ukiifunga kwa kipimo chako isiwe imenata kwenye ncha tu. Ikiwa mkanda umefika mwisho wa velkro na bado unapwaya, saizi hiyo si yako, hata muuzaji aseme nini.

Kukaza kupita kiasi nako kuna dalili zake. Kidole cha mwisho na cha pete kikianza kuwasha au kufa ganzi katikati ya mchezo, mkanda unaubana ule mshipa wa upande wa ndani. Kigasha kikiwa kizito na kigumu kama kuni, mkanda wa chini umezidi. Legeza nafasi moja. Ukilegeza na kinga ikaanza kuhama, tatizo ni umbo la kinga na mkono wako, na hakuna ukazaji utakaoliponya.

Hatua ya nne: kikombe kigumu au laini?

Kikombe cha plastiki tupu kwa nje huteleza vizuri barafuni na husambaza pigo. Ubaya wake ni kwamba huwa silaha. Kiwiko kinapoinuka na kumkuta mtu usoni, plastiki tupu ni kama rungu. Kanuni za NHL, ligi kuu ya hoki ya barafuni ya Amerika Kaskazini, zinasema wazi kwamba kinga ya kiwiko isiyo na kifuniko laini cha nje chenye unene wa angalau nusu inchi, yaani kama sentimita 1.27, ni kifaa cha hatari. Kumpiga mtu kwa kiwiko ni kosa lenye jina lake mwenyewe katika mchezo huu. Gordie Howe, gwiji wa Detroit Red Wings aliyestaafu mwaka 1980 akiwa na umri wa miaka 52, miongoni mwa majina yake ya utani alikuwa akiitwa Mr. Elbows, yaani Bwana Viwiko, na hakupewa kwa upole.

Kwa mechi za kujifurahisha, ambapo watu kesho wanakwenda kazini na nyuso zao, chagua kikombe chenye plastiki iliyozikwa ndani ya sponji, au chenye kofia laini ya nje. Unapata ulinzi ule ule bila kumdhuru mwenzako. Kinga laini kabisa, zisizo na plastiki yoyote, nazo zipo. Ni nyepesi na za raha, lakini ningezitumia tu kwa mazoezi ya kuteleza yasiyo na paki.

Hatua ya tano: jaribio, na hapa usiharakishe

Watu wengi huvaa kinga, hukunja mkono mara mbili, husema "iko poa" na kwenda kulipa. Mimi nilifanya hivyo pia. Siku hizi najipa dakika kumi, na sijali nani ananitazama.

Anza kwa kuvaa unachovaa barafuni. Kama unacheza na fulana ya mikono mirefu ya kubana, nenda nayo. Kinga inayoshika ngozi tupu inaweza kuteleza juu ya kitambaa laini, na wewe ukabaki ukiilaumu kinga. Angalia herufi R na L ndani ili usiziweke kinyume. Kosa hili ni la kawaida sana, kwa sababu kinga zilizogeuzwa bado zinafungika, zinabaki tu na hisia kwamba kitu fulani hakijakaa sawa. Ingiza mkono, kisha kunja kiwiko nyuzi tisini kabla ya kufunga chochote. Sukuma ncha mpaka uhisi imezama ndani ya kikombe. Ukiwa bado umekunja, funga mkanda wa katikati kwanza, kisha wa chini, mwisho wa juu. Ukifunga mkono ukiwa umenyooka, kikombe hukaa mahali pasipofaa na kitahama mara tu utakapokunja.

Sasa gusa bega lako la upande huohuo kwa vidole. Ukishindwa kufika, au sponji ikijikunja na kukuchoma kwenye mkunjo wa ndani wa kiwiko, hiyo ni nene au ndefu mno. Nyoosha mkono wote mbele. Ncha isitoke kwenye kikombe. Inua mikono yote miwili juu ya kichwa kana kwamba umefunga goli, halafu ishushe ghafla. Rudia mara ishirini, kwa nguvu, kama mtu anayekung'uta maji. Bonyeza kwa kidole utafute ncha yako. Bado imo ndani? Endelea.

Omba gongo. Mkono wa juu wa gongo na mkono wa chini havifanyi kazi moja: wa juu hukunjika sana na kupita karibu na mbavu, wa chini huwa karibu umenyooka na kuzunguka. Piga pasi za uongo pande zote mbili, kisha shuti la uongo. Sikiliza viwiko vyako. Kinga ya mkono wa juu ikikwaruza kinga ya kifua kila unapozungusha, utaanza kupiga kwa namna ya ajabu bila kujua ni kwa nini.

Kisha mwenzako akishike kikombe na kujaribu kukizungusha kushoto na kulia huku umekaza mkono. Kinachotakiwa ni ngozi yako izunguke pamoja na kinga. Kinga ikizunguka peke yake huku ngozi imetulia, irudishe kwenye rafu.

Jaribio la mwisho linafanya watu wacheke. Kaa mezani, inua kiwiko kiasi cha shubiri moja, kiangushe juu ya meza. Polepole kwanza, halafu kwa uzito wa mkono mzima. Hutakiwi kuhisi ncha ikigonga. Unatakiwa kuhisi msukumo mpana, kama mtu amekupiga kwa mto. Geuza kidogo uangukie upande wa ndani, kwenye ule mfereji wa shoti. Kinga nyingi zinafaulu katikati na kufeli pembeni, na ni afadhali ulijue hilo ukiwa umekaa kwenye kiti.

Ukinunua mtandaoni au za mkononi

Ukiagiza mtandaoni, agiza pale wanapokubali kurudishiwa bidhaa, na usitoe lebo mpaka ufanye majaribio yote nyumbani. Soma jedwali la kinga hiyo hiyo unayoitaka, kwa sababu saizi M za aina mbili tofauti za kampuni moja huweza kutofautiana umbo: moja imebana kigasha, nyingine imeachia. Mwenye mikono myembamba atafute zinazoelezwa kuwa zimebana kuelekea chini. Mwenye misuli atafute zenye umbo pana.

Za mkononi, yaani zilizokwisha kutumika, hazina aibu yoyote. Watoto hukua, watu wazima huacha mchezo, na kinga nzuri hubaki kabatini bila kazi. Ila zikague kama unavyokagua baiskeli iliyotumika. Kunja kikombe kwa mikono miwili utafute ufa, hasa kwenye matundu ya misumari midogo inayoshika mikanda. Bonyeza sponji. Ikibaki na shimo la kidole, imekufa. Mikanda iliyolegea si mwisho wa dunia, kwani fundi viatu anaweza kushona mipya. Harufu nayo haiwezi kukuumiza, na mara nyingi hufuliwa ikaisha.

Siku ya mchezo

Vaa kinga za mabega kwanza, kisha za viwiko, ili ukingo wa juu uingie chini ya kipande cha kinga ya bega au ukutane nacho bila kupandana. Jezi hufuata. Kuwa mwangalifu hapo: kuvuta jezi juu ya kinga huzungusha kikombe bila wewe kujua. Ukishavaa jezi, kunja viwiko na uviguse kupitia kitambaa. Hiyo ni sekunde tatu tu. Rudia unapokaa benchi baada ya zamu chache za kwanza, kwa sababu kinga mpya hulegea kadiri mikanda inavyopata joto na jasho.

Wengine huzungushia utepe wa hoki juu ya mkanda wa chini. Nimefanya hivyo kwa msimu mzima. Inasaidia kinga iliyochoka kumaliza mechi zilizobaki, lakini ukijikuta unahitaji utepe kwa kinga mpya, rudi kwenye hatua ya pili.

Na ukianguka pamoja na kinga zako zote nzuri, kisha ukashindwa kuunyoosha mkono kikamilifu, usijitie ushujaa. Nenda ukapigwe eksirei. Uvimbe wa kawaida wa kifuko hupoa kwa barafu na mapumziko. Uvimbe unaowaka joto, unaozidi kuwa mwekundu, au unaokuja na homa ni wa daktari, siku hiyohiyo.

Kufua, na lini kuzitupa

Adui mkubwa wa kinga ni begi lililofungwa. Ukifika nyumbani, toa kila kitu, tundika mahali penye hewa, usizianike kwenye jua kali wala mbele ya hita. Joto hukausha plastiki na kuua mpira wa mikanda. Kila baada ya wiki chache loweka kwenye beseni la maji ya uvuguvugu na sabuni laini, zikande kwa mikono mpaka maji yaache kuwa rangi ya chai, suuza vizuri. Funga velkro kabla ya kufua, la sivyo itanasa uzi wa bitana na uchafu wote wa beseni. Usitumie dawa ya kung'arisha nguo nyeupe, na usizitie kwenye mashine ya kukaushia. Velkro iliyojaa nyuzi inasafishika kwa mswaki mkavu wa zamani.

Kila mwanzo wa msimu, rudia lile jaribio la meza na lile la kukung'uta mara ishirini. Zikifeli la meza, sponji imekwisha, zitupe. Zikifeli la kukung'uta peke yake, badilisha mikanda kwanza uone. Zangu za sasa zina mikanda ya tatu, kikombe kimechubuka mpaka herufi za kampuni hazisomeki, na bado ncha ya kiwiko inazama mahali palepale kila ninapokunja mkono.